Peremende Mkobani: Kisa cha Mpishi wa Nakuru Aliyetaka Kuacha Sigara

Alikuja kwa ajili ya kikohozi. Sigara hakuitaja siku hiyo, wala siku ya pili. Kwenye fomu, pale panapoulizwa kama mgonjwa anatumia tumbaku, muuguzi alikuwa ameandika "hapana", na mimi nilipomrudia kwa swali lile lile alitikisa kichwa. Mara ya tatu alikuwa ameshainuka kwenda zake. Akashika kitasa cha mlango, akauliza bila kunitazama, "Daktari, mtu akivuta kidogo tu, za kazini, hizo nazo zinahesabika?"

Mimi si daktari, ni mshauri nasaha. Ila ukikaa nyuma ya meza ya kliniki hapa Nakuru wewe ni daktari, na nimeshaacha kubishana. Nilimwambia zinahesabika. Akarudi kuketi.

Ana miaka 36. Ni mpishi katika hoteli moja kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Ana watoto watatu, na mumewe ni dereva wa trela anayefika nyumbani mara mbili kwa mwezi. Wanaishi kwenye ploti upande wa Free Area, nyumba kumi na mbili zinazotazamana na kamba za nguo zinazopishana katikati. Ameniruhusu niandike kisa chake. Mambo ambayo yangemtambulisha nimeyageuza, na hapa nitamwita mpishi tu.

Nimekichagua kwa sababu kinapingana na jambo ambalo sisi tunaofanya kazi hii hulisema kama kasuku, kwamba mvutaji lazima kwanza atake kuacha. Mpishi alitaka kuacha miaka mingi kabla ya kunijua. Nia alikuwa nayo. Alichokosa ni mahali pa kuitamkia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu tumbaku kwa watu wazima ulikuta asilimia 15.1 ya wanaume wa Kenya wanavuta, na wanawake asilimia 0.8 peke yake. Ukijumlisha tumbaku ya kunusa na ya kutafuna, wanawake wanafika asilimia 4.5. Hiyo 0.8 huwa tunaisoma kwenye semina kama habari njema, na kweli ni njema. Lakini kwa mwanamke aliye ndani yake, maana yake ni kwamba hana mwenzake. Tena, kama mpishi alimdanganya muuguzi wake, halafu akanidanganya na mimi, sioni kwa nini angemwambia ukweli mgeni mwenye dodoso mlangoni.

Ukuta wa nyuma

Nilimwomba anihesabie sigara za siku moja ya kazi, moja moja, na saa zake. Akacheka, kisha akahesabu kwa vidole. Huamka saa kumi na moja kasoro robo, huwatayarishia watoto chai, hupanda matatu, na kufikia saa kumi na mbili na robo yuko kazini. Ya kwanza huvutwa saa kumi na mbili na dakika ishirini, nyuma ya jiko, kati ya ukuta wa stoo na mapipa ya taka. Ya pili ni baada ya staftahi ya wageni kuisha. Mbili kabla ya chakula cha mchana, moja katikati ya oda zikizidi, moja saa tisa tumbo likianza kuuma kwa sababu mpishi hana saa ya kula, na mbili jioni. Jumla nane. Kila moja shilingi 20, kutoka kwenye kibanda kilicho nje ya geti la nyuma. Hizo ni shilingi 160 kwa siku, yaani 4,800 kwa mwezi wa siku thelathini, na kodi ya nyumba yake ni 7,500. Hesabu hiyo hakuwa ameifanya kabla. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni chama mbili," yaani michango miwili ya chama chake.

Kilichonishangaza zaidi si idadi, ni kazi inayofanyika kuzunguka kila sigara. Huvua aproni, hufunika nywele kwa kofia ya plastiki ya kuogea, huizungushia sigara kipande cha foili pale anaposhika ili vidole visinuke. Akimaliza, ananawa kwa sabuni na ndimu, anapaka losheni, kisha peremende mbili. Mkobani hakukosi pakiti ya peremende. Watoto wake wanajua mama anapenda peremende. Kitindamimba humsubiri getini kila jioni na kuingiza mkono mkobani kabla hata ya kusalimia.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mpishi huyu alikificha kikohozi chenyewe kwa miaka 14.

Alianza akiwa na miaka 22, kazi yake ya kwanza, mwanamke peke yake kati ya wapishi sita. Anasema hakuipenda ladha. Aliona tu kwamba wanaovuta wanapumzika. "Ukisema umechoka, unaambiwa kaa nyumbani basi. Ukisema unaenda fegi, unaambiwa dakika tano." Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameelewa kwamba sigara ndiyo fomu ya likizo inayokubalika jikoni. Na pale ukutani ndipo habari zilipopatikana: ratiba ya zamu kabla haijabandikwa, nani kakosana na meneja, hoteli gani inatafuta watu. Mara mbili amepata kazi yenye mshahara bora, na mara zote mbili fununu aliipata akiwa na sigara mkononi.

Kwa hiyo nilipomuuliza, kama wanavyotufundisha, "Ukiacha, utapoteza nini?" sikusikia neno raha. Alisema, "Nitapoteza mapumziko, na nitakuwa wa mwisho kujua."

Nia na nguzo zake

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika makala yake ya 1991 ambayo wanafunzi wa afya ya jamii hawaikwepi, alieleza kwamba nia ya mtu kufanya jambo husimama juu ya mambo matatu: anavyolitazama jambo lenyewe, anavyohisi watu muhimu kwake wanataka afanye nini, na anavyouona uwezo wake wa kulitenda. Nadharia hiyo imetumika mno kwa wavutaji. Nami niliichukua, nikamvisha mpishi, nikaona mahali inapombana.

Jambo la kwanza halikuwa na shida. Madhara aliyajua, ingawa hakuyajua kutoka kwenye pakiti. Tangu 2016 pakiti za sigara Kenya zina picha za kutisha, mapafu na midomo iliyooza. Yeye hajawahi kuzitazama vizuri kwa sababu hajawahi kununua pakiti. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau kumi, lakini kibanda cha nyuma kinauza moja moja, kama vibanda vingi, na sigara ya rejareja haina picha. Muuzaji huibania tu kwenye karatasi ya gazeti.

Jambo la pili ndipo kisa kilipo. Ukisoma nadharia harakaharaka, utadhani mwanamke wa Nakuru ana bahati: watu wote wanaomzunguka wanachukia mwanamke kuvuta, basi shinikizo la kuacha ni kubwa. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini shinikizo la kuacha na shinikizo la kutoonekana ni vitu viwili. Jamii haimwambii mpishi aache. Inamwambia asionekane. Na mtu anayejificha kuvuta, hulazimika kujificha pia kuacha, kwa kuwa ukitangaza umeacha umekiri ulikuwa unavuta. Kwa mwanamume mambo ni tofauti. Mumewe mpishi aliwahi kuacha sigara, akasifiwa na mchungaji mbele ya waumini. Mpishi alikuwa ameketi pale kanisani akipiga makofi na wengine, peremende ikiwa shavuni.

Nilimuuliza nani angemtaja vibaya. Alitaja mama mkwe, wanawake wa chama, majirani wa ploti. Neno ambalo angeitwa alilinong'ona, nami sitaliandika. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Migori, kwenye mashamba ya tumbaku, na bibi yake alikuwa mvutaji. Alivuta mbele ya watu, akiwa ameketi chini ya mti, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo kama walivyozoea wazee wengi wa huko. (Uvutaji huo huchoma kaakaa na unajulikana kwa kuleta saratani ya kinywa, lakini hayo si mambo ambayo bibi aliambiwa.) Hakuna aliyemwita jina baya. Alikuwa amezaa, amezeeka, alikuwa dani, yaani nyanya, wa watu. Kwa hiyo hata pale nyumbani kwao sigara haikuwa haramu kwa mwanamke. Ilikuwa haramu kwa mwanamke ambaye bado anatazamwa. Mpishi alilieleza hilo bila uchungu, kama mtu anayesoma ratiba: "Nikifika sabini nitavuta wazi, nani ataniuliza?"

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbovu. Nilimwambia amweleze mtu wa karibu ili amuunge mkono. Ni ushauri wa kila kijitabu. Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. Nilimpa pia nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo kupiga ni bure. Hakupiga. Nyumbani ukuta wa ploti ni karatasi, na kazini ukutani wamejaa wavutaji.

Maswali sita yaliyonidanganya

Tunapima utegemezi wa nikotini kwa maswali sita yanayojulikana kwa jina la Fagerström, alama kuanzia 0 hadi 10. Moja ya maswali mawili yenye uzito zaidi linauliza sigara ya kwanza inavutwa dakika ngapi baada ya kuamka. Ikiwa ni ndani ya dakika tano unapata alama 3. Ikipita saa moja, 0. Mpishi huvuta ya kwanza saa moja na nusu baada ya kuamka, basi 0. Huvuta nane kwa siku, napo 0. Akatoka na alama 2, utegemezi mdogo sana, na mimi nikaandika hivyo kwenye faili.

Wiki mbili baadaye nilimuuliza kuhusu Jumapili. Jumapili zake za mapumziko, ikifika saa nne asubuhi kichwa kinapasuka, watoto wanakemewa bila kosa, na ghafla nyumba inaishiwa na kitu, chumvi au kiberiti, na ni lazima mama mwenyewe aende dukani, tena duka la mbali, ng'ambo ya barabara. Saa ya sigara yake ya kwanza haikupangwa na nikotini. Ilipangwa na ukubwa wa nyumba. Maswali yale yalitungwa kwa mtu anayeweza kuwasha sigara akiwa bado kitandani. Kwa anayejificha, alama 2 haisemi kwamba hategemei, inasema anavumilia. Nilifuta nilichoandika.

Siri ilikuwa na gharama nyingine, na hii ilinikosesha usingizi. Kwenye kliniki ya uzazi wa mpango, mwaka mmoja kabla, alikuwa amepewa vidonge vyenye homoni mbili. Aliulizwa kama anavuta. Wifi yake alikuwa kwenye benchi pembeni, basi mpishi akajibu hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke wa miaka 35 au zaidi anayevuta kwa kawaida asipewe vidonge hivyo, kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na akivuta 15 au zaidi kwa siku ni marufuku kabisa. Juu ya hayo, estrojeni, moja ya homoni hizo mbili, huharakisha mwili kuivunja nikotini, hivyo hamu inarudi mapema. Hakuna aliyemdhulumu pale. Aliulizwa swali sahihi mahali pasipo sahihi. Tulimhamishia kwenye sindano ya miezi mitatu, isiyo na estrojeni.

Chumvi

Sasa, nini kilimsukuma? Si kikohozi. Wala si saratani, wala ile chama mbili. Vitabu vingi kuhusu wanawake na sigara vinazungumzia sana woga wa kunenepa, na ni kweli mtu akiacha huongezeka kilo nne au tano hivi katika mwaka wa kwanza. Mpishi alilitaja mara moja tu, akicheka, akasema mumewe atashukuru.

Ilikuwa chumvi. Ndani ya mwezi mmoja, sahani tatu zilirudishwa jikoni kwa kuzidi chumvi, zote za mkono wake. Ya tatu ilikuwa supu ya mbuzi ya mteja wa miaka mingi. Msimamizi hakufoka, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia tu kijana mwanagenzi aanze kuonja chungu cha mpishi kabla hakijatoka. Mwanamke aliyewafundisha nusu ya wapishi wa jiko lile anaonjewa na mtoto wa miaka 20!

Yeye ndiye aliyeuliza kama sigara inaweza kuhusika. Nilimjibu kwamba inaweza, moshi hufifisha uwezo wa kunusa na kuonja, na kwa wengi uwezo huo hurudi polepole mtu akiacha. Sikuwahi kuona sentensi yangu yoyote ikimwingia mtu hivyo. Saratani ni jambo la kesho. Ulimi ni kazi yake ya leo, ni jina lake, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na sababu ya kuacha ambayo hakuhitaji kuionea haya.

Jaribio la kwanza lilidumu siku 11. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya kuliko zote, kama ilivyo kawaida, akaunguza chapati na kulia stoo. Akavuka. Akaanza hata kulala vizuri. Jumamosi ya pili kulikuwa na harusi hotelini, na minong'ono kwamba zamu zinapangwa upya. Akaenda ukutani, kusikiliza tu. Alivuta tatu mfululizo. Kilichomrudisha si hamu. Alirudi kwenye baraza.

Hapo ndipo niliacha kumtafutia msaidizi kati ya watu wema wasiovuta. Nani alikuwa anaijua siri yake tayari? Wavutaji wa ukutani. Kati yao kuna mzee anayeosha vyombo, mtu wa maneno machache ambaye humwita "mama" ingawa amemzidi miaka ishirini. Mpishi alimweleza. Mzee hakuahidi kuacha yeye. Alisema tu, "Mimi nitakuletea habari." Makubaliano yakawa haya: saa za mapumziko mzee anasema kwa sauti "mama, twende", mpishi anatoka naye kama kawaida, lakini anaishia upande wa tangi la maji na kikombe cha chai, na mzee akimaliza yake ukutani anapitia pale na kumpa yaliyosemwa. Dakika tano zake zikabaki. Habari zikabaki. Msimamizi mpaka leo anadhani anavuta, na hiyo ndiyo sababu anaruhusiwa kutoka. Nimewaza sana juu ya hilo, kwamba ili aache sigara ilibidi aendelee kuonekana mvutaji, na sijapata la kumshauri zaidi.

Chingamu ya nikotini ilishindikana. Inatakiwa kutafunwa kidogo kisha kubanwa shavuni, na mtu hatakiwi kula wala kunywa dakika chache kabla na wakati iko mdomoni. Mpishi anaonja kutwa nzima, tena kutafuna jikoni kumekatazwa. Bandiko la ngozini lilimfaa, la miligramu 14, kipimo cha anayevuta kumi au pungufu kwa siku. Mfamasia mmoja mjini alimwagizia. Bei ilizidi fedha ya sigara zake, hivyo alinunua ya wiki tatu pekee. Joto la jiko lililibandua mkononi, akahamia mgongoni juu, chini ya sare. Lilimpendeza hasa kwa kuwa halionekani. Kwa mara ya kwanza siri ilikuwa upande wake.

Aliteleza mara moja, kwenye matanga Migori, nyuma ya migomba, sigara mbili. Alinipigia usiku huo huo. Nilipoandika haya zilikuwa zimetimia wiki 13 tangu matanga. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Yule mwanagenzi hajaonja chungu chake tangu Agosti. Mumewe hajui lolote, na mpishi hana mpango wa kumwambia. Mzee wa vyombo bado anavuta, ila amemuuliza bandiko linauzwa wapi.

Juzi aliniambia nyumbani kuna kesi. Kitindamimba amemshtaki kwa baba yake kwenye simu kwamba siku hizi mama amekuwa mchoyo, mkoba hauna peremende.